Kilicho Wazi Hakifunguliwi

Niliyoyaona Uwazini nayaandika kama yalivyonipitia machoni. Mwenye shaka na abaki nayo, simlaumu. Mimi mwenyewe nilikwenda kule na yangu, nikarudi nayo, na ndiyo iliyotufaa.

Kwanza ujue nilichokifuata. Kijijini kwetu Kitopeni kuna bwawa, na bwawa lina lango la mbao. Maji yakigonga alama nyekundu, lango lazima lifunguliwe yapite mferejini. Yakikosa njia hupanda ukingo na kuteremkia bondeni, na nyumba ya kwanza kule chini ni ya dada yangu Mashavu. Lango lililindwa kwa zamu. Masika iliyopita mwenye zamu alikwenda mazishini, akamwachia mwenzake, na mwenzake akadhani kaachiwa mwingine. Maji yakaingia kwa Mashavu mchana kweupe. Yalichukua ukuta wa jiko, mafiga na mbuzi wawili. Mwanawe mchanga tulimkuta anaelea ndani ya beseni la kufulia, kanyamaza kimya, anatutazama.

Kikao kikasema: binadamu tumechoka, tutafute kitu kisichokwenda mazishini. Sinia tulikuwa nalo. Kwa asiyejua, sinia ni bamba pana lililojaa kete ndogo za udongo. Letu lina kete elfu mbili. Zenyewe hazijui lolote, lakini ukilaza juu yake mchoro wa kiini, yaani akili ya kuziongoza, kete hugeuka. Hii inakuwa sikio, ile kumbukumbu, ile mkono, na sinia zima linaanza kupiga kama moyo na kufanya kazi uliyoliagiza. Leo laweza kuwa mlinzi, na kesho, ukibadilisha mchoro, likawa karani. Na michoro ya viini hutoka Uwazini, ambako hutolewa bure.

Nikachaguliwa mimi, Siwatu. Shule niliishia darasa la saba, lakini lango lile nimelifungua na kulifunga miaka sita. Nina kibuyu changu chenye tundu, kinadondosha tone moja moja polepole, na kwa kibuyu hicho nilikuwa nimeshapima: tangu maji yagonge alama mpaka yafike kwa Mashavu ni matone matano. Lango likifunguka kabla ya tone la tano, nyumba imepona.

Siku naondoka Mashavu alinisindikiza hadi kwenye kivuko cha mfereji.

"We Siwatu," akaniambia, "usije ukaniletea kizuri. Niletee kinachosikia."

Basi. Nchi ya Uwazini haina milango. Nyumba zina fremu tu, na madirisha hayana pazia. Watu wakikutana husalimiana hivi: mmoja husema, "Wazi?" na wa pili hujibu, "Wazi kabisa." Nikaona ni nchi ya watu wakweli. Halafu nikaona jambo lingine: wanapopita mbele ya nyumba ya mtu huinua kidevu na kutazama mawingu. Wote, wakubwa kwa wadogo. Siku ya kwanza nilidhani wanaangalia mvua.

Nilipokelewa na Bwana Badru, Mlinganishi Mkuu, ambaye kazi yake ni kulinganisha viini vyote na kutangaza kipi cha kwanza na kipi cha mwisho. Mtu mnene, mpole, kanzu yake imepigwa pasi na vifungo vyote vimefungwa hadi kooni.

"Karibu mgeni wetu. Hapa hatufichani. Kila kiini unachokiona kiko wazi."

"Asante, mzee. Basi naweza kukifungua nikaona ndani?"

Akanicheka kwa huruma, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa kiatu kinyume. "Kukifungua? Mwanangu, kilicho wazi hakifunguliwi. Ukikifungua, maana yake kilikuwa kimefungwa. Utakuwa umetutukana."

"Na nikifungua tu, sina nia ya kutukana?"

"Hapo inakuja sheria ya pili. Anayefungua ndiye mtunzaji. Kasoro utakayoiona ni yako. Tunaandika jina lako, na unakitunza mpaka ufe wewe au kife chenyewe."

"Mwaka huu wamefungua wangapi?"

"Uhuru upo," akasema Bwana Badru. "Hakuna aliyezuiwa."

Nilimuuliza tena, wangapi. Akatazama mawingu, na tulikuwa ndani ya nyumba.

Asubuhi iliyofuata akanipeleka Ukumbi wa Ulinganisho. Ni jumba refu, na kila kiini kimelazwa kwenye sinia lake, kinapiga, na kando yake umesimama ubao wa sifa. Sifa huandikwa na aliyekibuni. Bwana Badru huzinakili, huzipanga kwa mistari, kisha hupiga muhuri, na baada ya muhuri haziitwi tena sifa, zinaitwa vipimo. Wenyewe huvitaja viini kama watu, nami nitafuata desturi yao.

Wa kwanza kwa mbio alikuwa Swala. Ubao ulisema anapiga mapigo mia nne kwa pumzi moja ya mtu.

"Alipimwa akifanya kazi gani?" nikauliza.

"Kazi? Alipimwa akipiga."

"Hakuwa amebeba kitu?"

"Ukimbebesha atapungua, na huo utakuwa uonevu. Tena alipimiwa kwao, kwenye sinia la kete za kioo. Za udongo zinamchosha."

"Kwetu ni za udongo."

"Basi gawanya," akasema. Sikuambiwa nigawanye kwa ngapi.

Wa kwanza kwa udogo alikuwa Sisimizi, kete mia tatu tu. Hapo moyo wangu ulipenda, maana kati ya elfu mbili ningebakiwa na nyingi. Nikamwinamia bila kumgusa. Alikuwa mzuri kweli, anapiga taratibu. Nikampigia kofi karibu. Hakushtuka. Nikapiga la pili.

"Huyu masikio yake yako wapi, mzee?"

"Ah, masikio ni nyongeza. Alipokuja kuhesabiwa aliyavua."

"Aliyavua?"

"Sheria inasema kihesabiwe kiini. Sikio si kiini. Na kumbukumbu pia si kiini, iko nje, kwenye ndoo ile pale." Akanionyesha ndoo. "Kujumlisha anajumlisha. Kuzidisha hakumo, lakini anaweza kujumlisha mara nyingi."

Ya tatu katika sifa ni nyota. Mpita njia yeyote akikipenda kiini huchora nyota ya chaki chini ya ubao wake, na nyota huhesabiwa kila Ijumaa. Aliyeongoza alikuwa Tembo, ana nyota elfu tisa mpaka ukuta umejaa na zimepanda darini. Tembo anajua kila kitu, hata kuimba. Anahitaji kete elfu arobaini. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akimchorea nyota kama anaye nyumbani.

"Nina sinia la kete mia tano, dada'angu," akasema. "Nitampatia wapi pa kulala?"

"Mbona unamchorea?"

"Nisije nikamsahau."

Wa mwisho kabisa, mwisho wa jumba, karibu na mlango ambao haukuwa mlango, alikuwa Kobe. Kete elfu moja na mia mbili, mapigo arobaini, nyota kumi na moja. Ubao wake ulikuwa umejaa maandishi mpaka pembeni, na mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa anaongeza mengine. Nilisogea kusoma. Juu imeandikwa, *Hawezi*. Chini yake mistari ishirini na mitatu. Hawezi kugawanya hesabu kubwa. Hawezi kuanza kazi kukiwa na baridi mpaka apashwe joto. Hawezi hiki, hawezi kile.

"Ndiyo maana amekuwa wa mwisho," Bwana Badru akaninong'oneza. "Kasoro ishirini na tatu. Swala kasoro zake ni sifuri, Sisimizi sifuri, Tembo sifuri. Mahali pa *Hawezi* wameacha patupu."

"Patupu maana yake hazipo, au hazikuandikwa?"

"Patupu ni patupu, mgeni wetu. Pako wazi."

Nisikufiche, nilianza kuogopa neno lile.

Siku hiyo mchana kulikuwa na baraza, nami nikaalikwa kukaa nyuma. Mabishano yalikuwa kati ya Waachaji na Waanikaji. Waachaji wanasema: chukua mchoro, nenda nao, ufanye upendavyo. Waanikaji wanasema: chukua, lakini chochote utakachokijenga juu yake nacho ukianike hadharani wengine wakichukue. Nilidhani ni jambo la kumalizwa kabla chai haijapoa. Kumbe lina miaka thelathini.

Mzee wa Waachaji akasimama. "Nikimtia Kobe ndani ya sufuria ili aangalie moto, je, nianike na sufuria?"

"Uianike!" wakajibu Waanikaji.

"Na wali uliomo?"

"Umeiva kwa akili ya Kobe. Uanikwe!"

"Na mimi niliyeula?"

Hapo Waanikaji wakaomba muda wa kushauriana.

Walipokuwa wakishauriana nikanyoosha mkono. Nikasema, wazee wangu samahani, mimi mgeni, naomba kuuliza: nani humu ndani ana kiini kinachofanya kazi nyumbani kwake, kazi ya kila siku? Nikasikia mtu akijikuna.

Mwishowe kijana wa mstari wa mbele akasimama kwa haya. "Mimi nilimwasha Sisimizi. Nikamwekea taa. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka."

Ukumbi mzima ukampigia makofi. Wengine walitokwa na machozi.

Nilirudi nilikofikia nikakaa na kibuyu changu mapajani. Nilijiambia: Siwatu, hawa si waongo. Mwongo anajua ukweli uko wapi, ndipo anauficha. Hawa hawajui, na wameweka sheria ya kutokujua. Nikikosea hapa, sikosei ubao, namkosea mtoto wa beseni. Kufungua siwezi, watunzaji wote hukaa huku, nikifungua sitarudi Kitopeni, na masika imebakiza wiki mbili. Nikazipitia sheria zao zote mbili kichwani, neno kwa neno, na zote zilikuwa juu ya kufungua. Hakuna iliyotaja maji.

Asubuhi nikamwendea Bwana Badru na ndoo.

"Mzee, naomba ruhusa ya kumwagia viini maji. Kidogo tu, kwenye kipande cha ubao kilichochorwa alama nyekundu. Kiini kikisikia maji yamegonga alama, kinyanyue kijiti. Basi."

Alikunja uso. "Kumwagia maji haijaandikwa."

"Imekatazwa?"

"Haijaandikwa kukatazwa." Akafikiri sana, maskini. "Lakini majibu hutayaandika kwenye ubao wowote. Yatavuruga mistari."

Nikakubali. Kibuyu nikakitundika kwenye msumari, watu wakakusanyika.

Nikaanza na Swala. Maji yakagonga alama. Tone la kwanza, la pili, la tatu. Swala anapiga kwa kasi ya ajabu, anahesabu mambo yake. Tone la tano, la sita. Kwenye tone la kumi na moja akanyanyua kijiti.

"Kwa nini amechelewa?" nikauliza.

Kijana wa taa akanijibu kwa fahari: "Ana foleni ndefu tumboni. Huchukua kazi nyingi kwa mpigo mmoja, ndiyo siri ya mbio zake. Ukimwita lazima kwanza amalize alizozimeza."

"Kwa hiyo anakimbia sana lakini haitiki."

"Akiitika atapungua mbio."

Moyoni nikaiona nyumba ya Mashavu ikienda. Nikamwendea Sisimizi. Alikuwa bila masikio, maji yakajaa, yakamwagika, yakalowesha kanzu ya Bwana Badru. Sisimizi anapiga taratibu tu. Wakamvisha masikio, na kete zikawa elfu moja na mia tisa kati ya elfu mbili za sinia. Akasikia kwenye tone la nne, lakini hazikubaki kete za kutosha kunyanyua kijiti. Alisikia, akakaa nalo rohoni. Tembo hatukumjaribu. Sinia lake lilikuwa limejaa nyota za chaki, na hawakutaka maji yazifute.

Nikafika kwa Kobe. Yule mwanamke alisimama, akajifuta chaki. Jina lake Riziki, na Kobe ni mchoro wake. Alikuwa mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Wewe ndiye unayemwaga maji," akasema. "Umechelewa kuja huku."

"Nimeanzia na waliosifiwa, dada."

"Kila mtu huanzia huko."

Maji yakagonga alama. Tone la kwanza. La pili. Kijiti kikanyanyuka.

Watu wakaguna. Mimi sikufurahi. Nitakueleza kwa nini: mtu anayekuonyesha kasoro ishirini na tatu anaweza kuwa mkweli, na anaweza pia kuwa anakupa ishirini na tatu ili usitafute ya ishirini na nne. Nimeona muuza embe anayekutolea moja bovu mbele yako ili ulibebe tenga zima. Nikamwaga tena. Matone mawili. Nikamwaga maji ya moto, ya tope, yenye majani. Matone mawili, matatu, mawili. Riziki alikaa pembeni anatafuna kucha.

"Unatafuta nini, mdogo wangu?"

"Sijui bado."

Kwetu maji hayaji mara moja. Linakuja wimbi, linapumua, linakuja la pili. Nikamwaga, na Kobe alipokuwa bado ananyanyua kijiti, nikamwaga tena. Kijiti kikasimama nusu ya njia, kikatetemeka kama mtu aliyeitwa majina mawili kwa wakati mmoja, kikaanguka. Hakikunyanyuka tena mpaka nilipofika tone la ishirini nikaacha kuhesabu.

Bwana Badru akakohoa kwa furaha. Riziki akachukua chaki. Ubao ulikuwa umejaa, akaandika kwenye mguu wa ubao: *Ishirini na nne. Akiitwa kabla hajamaliza kuitika, husahau yote mawili. Imeonwa na mgeni wa Kitopeni.*

"Unaweza kuirekebisha?" nikamuuliza.

"Naweza. Si leo. Miaka tisa namtunza peke yangu, dada. Wanaokuja huniambia yuko wazi, rekebisha. Wakishasema hivyo wanaenda kula." Akanitazama. "Ukinisaidia kumfungua itachukua wiki."

"Na nikimfungua, sheria?"

"Utakaa hapa na mimi."

Nilimwonea huruma, sidanganyi. Nikamwambia, "Nina dada wa kwangu." Akaitikia kwa kichwa.

"Basi mchukue hivyo alivyo. Lakini wimbi la kwanza likishapita, mtu asimame langoni. Usiseme sikukwambia."

"Umeandika," nikasema. "Ndiyo maana namchukua."

Nilimlaza Kobe kwenye sinia letu, tukaliunganisha na lango, na mvua ya Kitopeni ikashuka Jumanne, adhuhuri. Mimi nilikuwa langoni kwa sababu sikumwamini Kobe, na kibuyu nilikitundika kwa sababu sikujiamini mimi. Maji yakagonga alama. Tone moja. Tone la pili, na lango likaanza kupanda lenyewe, watu wakapiga vigelegele. Wakati huohuo nikaliona wimbi la pili linakuja, na lango likasimama nusu, likatetemeka. Nilikuwa nimeshika kamba ya kulipandishia tayari. Nikaning'inia kwenye kamba kwa uzito wangu wote, shemeji akaja, tukalipandisha. Kwa Mashavu maji yalifika kizingitini, yakalowesha mkeka, yakarudi.

Mashavu alinikuta nimekaa kwenye tope.

"Kinasikia," akasema.

"Mara moja."

"Mara moja ni zaidi ya mtu wa mazishini."

Mwezi haukuisha, akaja mjumbe kutoka Uwazini, kijana yule wa taa. Habari za lango letu zilikuwa zimefika kule. Kobe alikuwa amechorewa nyota elfu saba kwa Ijumaa moja. Baraza likaona aibu kiini maarufu kuwa wa mwisho, wakauchukua mchoro wa Riziki, kama sheria inavyoruhusu, wakautengeneza. Sasa Kobe Mpya yupo juu ya orodha. Kijana akatoa mchoro uliokunjwa na ubao wake, safi, umepakwa rangi. Kete mia nne. Mapigo mia tatu. Mahali pa *Hawezi* patupu.

"Na Riziki?" nikauliza.

"Bado anatunza ule wa zamani. Amekwama kwenye ishirini na nne. Unaujua wivu wa mafundi."

Wanakijiji walikuwa wamejaa. Mwenyekiti akasema, "Haya, Siwatu, ni bure. Laza tuone." Na Mashavu, aliyembeba mwanawe mgongoni, alinitazama tu.

Nikauweka mchoro juu ya goti. "Kobe wa kwanza ana kete elfu moja na mia mbili. Huyu mia nne. Hizo mia nane zilikuwa zinafanya nini?"

"Sijui. Baada ya muhuri hatukufungua."

"Basi nakifungua."

Kijana akaruka kama kaungua. "Dada, usifanye hivyo! Kiko wazi!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nami nataka kuingia."

Nikaukunjua mpaka ndani kabisa, mkunjo wa mwisho, ambao haukuwa umechakaa hata kidogo, kama usiowahi kupitiwa na kidole cha msomaji. Nilisoma polepole, kwa kidole, kama nilivyofundishwa shuleni. Pale kwenye mchoro wa Riziki palipokuwa na masikio mawili, pamepigwa mstari mmoja, na pembeni pameandikwa kwa mwandiko mzuri: *nyongeza, yameondolewa*.

Nikampa Mashavu asome. Akasoma, akamshusha mtoto mgongoni, akampakata.

Kijana wa watu alikuwa ameshatoa daftari la sheria na kalamu. "Dada, nimeona umefungua. Nitalazimika kuandika jina. Utakuwa mtunzaji, wewe, mpaka ufe."

"Kuna sheria inayosema lazima nitunzie kule kwenu?"

Akapekua daftari, mbele, nyuma, akarudi mbele. "Haijaandikwa," akasema.

"Basi andika. Siwatu wa Kitopeni. Na kwenye *Hawezi*, mstari wa kwanza, andika: hasikii. Halafu ukifika kwenu mwambie Riziki aniletee ya ishirini na nne. Tutaifungua wawili."